Sauti ya Kuanzia

Jumapili, 2 Machi

Naandika nyuma ya daftari la vipimo, kwa sababu Mama hufungua kila kitu ndani ya nyumba hii isipokuwa vipimo vya wateja wangu. Huku mbele kuna viuno na mabega ya nusu ya mtaa. Huku nyuma nitakuwepo mimi.

Leo amekuja muuguzi mkuu wa zahanati, yule aliyempokea mdogo wangu siku ya mwisho. Akakunja mwavuli, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasema wanaandaa tamasha la hisani uwanjani, Jumamosi ya tarehe 26 Aprili, ili zahanati ipate mashine ya oksijeni. Tamasha ni kwa kumbukumbu ya mdogo wangu, maana atakuwa ametimiza mwaka.

"Na wewe ndiye utakayefunga," akaniambia, "kwa ule wimbo wenu wa mwisho. Siku ile mliimba mpaka watu wakasahau kula."

Mama akalia kwa furaha. Mimi nikasema nina nguo nyingi za watu. Muuguzi akacheka, akadhani ni mzaha.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Mama akatazama dirishani akasema, "Hii ndiyo iliyomuua mwanangu." Nikaendelea kushona.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa kuwa nimeanza, niandike vizuri.

Mdogo wangu tulimwita Filimbi tangu utotoni. Alikuwa na pumu, na kila alipovuta pumzi kifua chake kilitoa mluzi mwembamba. Watoto wenzake walimcheka. Mimi niliutia mluzi ule kazini. Tulipoanza kuimba, yeye sauti ya kwanza na mimi ya pili, hatukuwa na mtu wa kutuhesabia. Yeye alivuta pumzi, mluzi ukalia, nami nikajua kwamba ndiyo sasa. Kwa miaka ishirini na mitatu sikuwahi kuingia kwenye wimbo kwa njia nyingine.

Yeye alitoa pumzi, mimi nilitoa sauti ya kuanzia. Nina sikio, hilo hata adui yangu hanibishii. Kabla ya kila wimbo nilimnong'oneza mpiga gitaa wetu aweke wapi kibanio, kile cha kupandishia na kushushia sauti, kwenye shingo ya gitaa, juu au chini, naye aliweka hapohapo. Ndivyo tulivyogawana, na hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake.

Mwaka jana tuliimba kwenye harusi, ukumbini. Tulirudi kwa miguu tukanyeshewa. Siku ya tatu akafa. Ndiyo maana watu wanasema ni mvua.

Jumanne, 11 Machi

Mluzi umeanza tena. Nilikuwa nikikunja pindo la sketi ya mteja, nikausikia nyuma ya bega la kushoto, upande aliozoea kusimama. Nikaondoa mguu kwenye cherehani. Kimya. Nikakanyaga, ukaja.

Nimeitia mafuta cherehani yote, mpaka sketi ya watu imepata doa.

Ijumaa, 14 Machi

Wifi amekuja. Wifi ni mwalimu wa hesabu na hapendi neno lililozidi. Ukimwomba sukari anakuuliza vijiko vingapi. Tangu amzike Filimbi, mume wake, sijamwona akionyesha meno. Leo ameyaonyesha.

Anasema fundi mitambo aliyepiga muziki kwenye ile harusi amehifadhi kila kitu, na kila kipaza sauti kilirekodiwa peke yake. Kwa hiyo anaweza kuiondoa sauti yangu akaiacha ya Filimbi. Siku ya tamasha ataifungulia kwenye spika za uwanja, nami nitaimba ya pili jukwaani.

"Utaimba naye, wifi," akasema. "Mara moja zaidi."

Mama alikuwa ameshika kifua kwa mikono yote miwili.

"Mbona umenywea hivyo?" wifi akaniuliza.

"Joto," nikasema. Na nje ilikuwa inanyesha.

Nimekubali. Ningekataaje? Nikikataa wataniuliza sababu, na sababu ninayo.

Jumatatu, 17 Machi

Vifungo kumi na viwili vya koti. Mvua. Mluzi mara mbili.

Jumamosi, 22 Machi

Zoezi la kwanza, kwenye karakana ya fundi mitambo. Kuta zake amezibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Ndani mle hata ukikohoa unajisikia umekohoa mbali.

Mpiga gitaa alikuwa amekwisha kufika. Tunamwita Nyuzi, kwa sababu mifuko yake haikosi nyuzi. Hata mazishini kwa Filimbi zilikuwa zinamchungulia kwenye koti. Kazi yake ya mchana ni kutengeneza saa. Tangu siku ile hajakanyaga kwetu, na leo alinisalimia akitazama viatu vyake. Akatoa kibanio, akakiweka kwenye gitaa bila kuniuliza. Hakukosea mahali.

"Nimeisafisha vizuri, dada," fundi akasema. Ni mtu mchangamfu, anayependa kazi yake. "Ilikuwa na uchafu! Kila akivuta pumzi ni kama birika linachemka. Nimekata zote."

Akafungulia.

Mdogo wangu akaimba. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Hakuvuta pumzi hata mara moja. Aliimba kama mtu ambaye hahitaji tena kupumua, na kweli hahitaji. Nilikosa kuingia mara tatu, mimi ambaye niliwahi kuingia nikiwa na homa, nikiwa na mimba, na siku moja nikiwa nimesinzia.

"Umekaa mno bila kazi, dada," fundi akasema kwa upole.

"Mrudishie pumzi zake," nikasema.

Jumapili, 23 Machi

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi cherehani angepaswa kuijua methali hii kuliko watu wote.

Siku ya harusi ile, nyuma ya ukumbi, dakika chache kabla ya kupanda jukwaani, Filimbi aliniambia amepata nafasi kwenye bendi kubwa ya mjini. Wanamtaka yeye. Wa sauti ya pili wanaye tayari. Akasema, "Dada, usinune, nitakuja kila mwisho wa mwezi." Alikuwa anatabasamu. Alitaka nifurahi.

Sikufurahi. Nilimlea yule, nilimbeba mgongoni siku kifua kilipombana njiani kwenda shule, nilimshonea kila shati alilolivaa jukwaani, na sasa naambiwa nisinune. Nikapanda jukwaani moyo unanifuka. Nikamwinamia Nyuzi. Tulikuwa tumekubaliana tuimbe chini, kwa sababu Filimbi alikuwa na kikohozi wiki nzima. Nikamnong'oneza, "Panda mbili," ngazi mbili juu ya tulipokubaliana.

Nyuzi akanitazama. Nikarudia, "Mbili."

Nilitaka ashindwe. Basi. Nilitaka sauti imkatike mbele ya watu, ageuke kunitazama, ajue nani anamshikilia. Hakushindwa. Alikuwa na kiburi kama changu, maana tulinyonya ziwa moja. Aliupanda wimbo mpaka juu, na ndipo watu wakasahau kula.

Siku ya tatu tulimpeleka zahanati kifua kimefunga kabisa. Mtungi wa oksijeni waliokuwa nao ulikuwa na mgonjwa mwingine.

Mvua imebeba lawama yangu mwaka mzima.

Alhamisi, 27 Machi

Muuguzi mkuu alipita kupima sare. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani, kama mwenye pumu anaweza kudhurika kwa kuimba juu sana. Akasema inategemea: kikohozi, mvua, uchovu, vyote hujumlishana. "Hakuna anayeweza kusema ni kipi hasa," akasema. Nilitaka nifarijike, nikashindwa.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua siku ya nne mfululizo. Uwanja umekuwa bwawa. Nimejikuta naomba isiishe.

Jumamosi, 5 Aprili

Fundi amezirudisha pumzi. Alinivisha hedifoni nisikilize kwanza peke yangu, akaenda kuchemsha chai.

Mluzi ule sasa haukutoka nyuma ya bega, ulitoka katikati ya kichwa changu. Kwenye ubeti wa kwanza ulikuwa mfupi, kama siku zote. Kwenye wa pili ukarefuka. Na kati ya wa pili na wa tatu, pale ambapo gitaa hucheza peke yake, Filimbi amesogea pembeni ya kipaza sauti na kusema maneno mawili. Ukumbini hayakusikika, spika zilikuwa na gitaa. Kwenye hedifoni yako wazi kama yuko ubavuni mwangu.

"Shusha, Dada."

Fundi alirudi na vikombe. "Hapo katikati kuna maneno," akasema. "Nilikuwa nimeyakata pamoja na uchafu mwingine. Niyaache?"

Nikamwambia ayaache. Sijui kwa nini.

Siku ile sikuyasikia. Kelele zilikuwa nyingi.

Jumapili, 6 Aprili

Jana nimeandika uongo. Nilikuwa nimesimama mkono mmoja kutoka kwake. Niliyasikia.

Ningeweza kumwashiria Nyuzi kwa kidole, tumefanya hivyo mara mia, katikati ya wimbo, watu hawajui. Nilitazama mbele. Nikaingia ubeti wa tatu kwa nguvu zaidi.

Jumatano, 9 Aprili

Mluzi tangu asubuhi. Upo kwenye birika, upo chini ya mlango. Mama ananiuliza natafuta nini sakafuni.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda kwa Nyuzi. Kibanda chake kina upana wa mlango, na saa za watu zimetundikwa mpaka darini, kila moja na saa yake. Alikuwa na kioo cha kukuzia jichoni. Aliponiona hakukitoa, akabaki na jicho moja kubwa.

"Mzee," nikasema, "kwa nini hujawahi kuja kwetu?"

"Nikija, mama yenu atanipa chai," akasema. "Nitaimezaje?"

"Kosa ni langu."

"Mdomo ulikuwa wako, binti yangu. Mikono ilikuwa yangu. Ulisema mbili, nikabana mbili. Nilijua kijana ana kikohozi. Ningeweza kukuambia, 'Acha upuuzi wako,' nina umri wa kukuambia hivyo. Sikusema. Nikafikiri, haya ni mambo ya ndugu."

Mwaka mzima nilimwogopa mtu huyu nikidhani ananihukumu. Kumbe naye alikuwa anajificha, kila mtu kwenye kibanda chake.

"Tunyamaze?" nikamuuliza.

"Tunaweza. Mvua haina mdomo, itabeba tu." Akachukua saa, akaitikisa, akaiweka sikioni. "Lakini mimi kila ikinyesha nasikia inanitaja kwa jina."

Jumatatu, 14 Aprili

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nimeshona mkono wa kushoto wa gauni mahali pa mkono wa kulia. Tangu nikiwa mwanafunzi sijafanya hivyo.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemwambia wifi.

Nilimpeleka kwenye karakana mchana, baada ya vipindi vyake. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, yote yakanitoka. Nikamwomba fundi atupishe, nikamvisha wifi hedifoni, nikafungulia.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Yalipofika yale maneno mawili akayafumbua. Hakunitazama. Akanyoosha kidole: rudisha. Nikarudisha. Rudisha. Nikarudisha. Sikuhesabu ni mara ngapi. Machozi yalikuwa yanamwendea mpaka kidevuni na hakuyafuta.

"Sina sauti yake akizungumza," akasema hatimaye. "Nyumba nzima imejaa nyimbo. Nimetafuta kwenye simu, kote. Anaimba tu. Hakuna hata mahali anaponiambia nimpe chumvi." Akatabasamu kidogo. "Alitaka ushushe nini?"

Hapo ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema spika, au taa. Nilipiga moyo konde nikamwambia yote, kuanzia nyuma ya ukumbi mpaka ubeti wa tatu. Nilimwambia habari ya bendi ya mjini. Alikuwa anaijua, tena walikuwa wameshapanga nyumba ya kuhamia.

Aliuliza swali moja.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Akavua hedifoni, akauviringisha waya wake taratibu, akauweka mezani, akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha na mwavuli wake ukabaki umeegemea ukutani.

Jumamosi, 19 Aprili

Hakuja zoezini. Mimi na Nyuzi tuliimba na sauti ya spika. Niliingia sawasawa kila ubeti.

Jumatatu, 21 Aprili

Nilimpelekea mwavuli. Akaupokea mlangoni. "Asante." Mlango.

Jumanne, 22 Aprili

Wifi hajatuma hata salamu.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua imekatika. Vijana wa zahanati wanamwaga mchanga uwanjani na kufunga turubai. Mama ameniomba nimpunguzie gauni lake jeusi. Amekonda, sikuwa nimeona.

Jumapili, 27 Aprili

Naandika ya jana.

Jua liliwaka tangu asubuhi. Nilitazama juu mara mia, hakuna wingu hata la kufutia jasho. Siku hiyo mvua ilikataa kunisaidia. Watu walijaa mpaka nyuma ya magoli. Picha ya Filimbi ilikuwa mbele ya jukwaa, amevaa shati la bluu nililomshonea, kola yake imekaa upande. Nilitamani kushuka nikainyooshe.

Wakaimba wanafunzi, wakaimba wauguzi, muuguzi mkuu akahutubia, na watu wakatoa michango yao. Kisha wakatuita. Fundi mitambo alikuwa ameketi nyuma ya mitambo yake, kidole tayari. Nyuzi akaweka kibanio juu, kulingana na rekodi. Ningefanyaje? Sauti ya marehemu haishuki. Ilikuwa lazima mimi nimfuate kule nilikompeleka.

Ndipo nikamwona wifi anapanda ngazi za jukwaa. Ukiacha ile "asante" ya mlangoni, alikuwa hajasema nami kwa siku nane. Alinipita kama nguzo, akamwinamia Nyuzi.

"Mzee, siku ile mlikuwa mmekubaliana kuanzia wapi?"

Nyuzi akamwonyesha kwa kidole.

"Basi weka hapo."

Nyuzi akakivuta kibanio akakishusha. Wifi akamgeukia fundi kule chini akamtikisia kichwa: usifungulie. Fundi akatutazama sisi sote, haelewi. Wifi akasimama ukingoni mwa jukwaa, mikono ameikunja kifuani, vile anavyosimama darasani mwanafunzi wake anapokuwa ubaoni.

Gitaa likaanza. Likafika pale pa kuingia, likapita. Nyuzi akazunguka tena. Nilikuwa nasubiri mluzi. Mwezi na nusu umenifuata kila mahali, chini ya mlango, kwenye birika, na jana, mbele ya watu wote, bega langu la kushoto lilikuwa tupu. Watu wakaanza kuguna. Nikasikia mtu anasema, "Maskini, majonzi." Hapana, si majonzi tu. Nilikuwa sijui wimbo unaanzaje bila yeye kupumua.

Nikavuta pumzi mwenyewe. Niliivuta kwa kinywa wazi mbele ya kipaza sauti, ikatoka kwenye spika zote za uwanja, mbaya, yenye kukwaruza. Nikaingia.

Niliimba ya pili. Ya kwanza sikuigusa, haikuwa yangu. Sauti ya pili peke yake si wimbo, ni mkono wa koti bila koti. Ubeti wa kwanza watu walikaa kimya kwa kutoelewa. Wa pili ulipoisha, gitaa likabaki peke yake, mahali palepale. Hapo ndipo nilipogeuka kushoto, ingawa hapakuwa na mtu, nikasema nje ya kipaza sauti, "Nimeshusha."

Ubeti wa tatu ulipoanza nikasikia sauti ya kwanza. Ilitoka chini, mbele, ilikuwa imepasuka na haina meno ya upande mmoja. Ilikuwa ya Mama. Hajawahi kuimba nasi, huimba jikoni tu. Mwaka jana kule juu asingefika. Wimbo ulipokuwa chini hata yeye alifika, na waliokaa karibu naye wakafika, na ubeti wa nne sikusikia tena yangu.

Nilipomaliza, wifi alikuwa ameshaondoka.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemwambia Mama, tukiwa tunachambua mchele. Aliendelea kutoa chuya mpaka zikaisha, kisha akaendelea kutafuta mahali ambapo hazikuwepo.

Jioni ilinyesha. Akaenda dirishani, akatazama muda mrefu. Hakusema kwamba ndiyo iliyomuua.

Jumapili, 4 Mei

Nyuzi amekuja kunywa chai. Mama alimjazia mpaka ukingoni. Aliimeza.

Alhamisi, 8 Mei

Mashine ya oksijeni imefika zahanati. Muuguzi mkuu anasema ina sauti nyembamba inapofanya kazi. Sijaenda kuisikiliza.

Wifi amekuja leo mchana, na kitambaa cha kijivu mkononi, anataka gauni la kazini. Ndiyo mara ya kwanza tangu mwavuli. Sikujua nianzie wapi, nikatafuta tepe ya kupimia ilhali ilikuwa shingoni mwangu.

"Sijakusamehe," akasema. "Nisikudanganye."

"Najua, wifi."

"Nimemwambia fundi anikatie yale maneno mawili, niyaweke kwenye simu. Nayasikiliza asubuhi, kabla ya kwenda shule. Hata kama hakuniambia mimi."

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama fundi angeweza kunikatia na mimi. Akanitazama, mara ya kwanza machoni tangu siku ile ya hedifoni.

"Wewe huhitaji kukatiwa," akasema. "Unayo."

Kisha akainua mikono, nimpime.